Tujenge Kidogo, Tumalize

Mvua ya Rungwe haisubiri bajeti. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dodoma, ambako mipango yetu yote hupangwa na fedha zake hutolewa, kwa kawaida haifiki 600. Ukuta usio na paa ukiuacha Dodoma miaka mitatu, utaukuta umefifia rangi kwa jua, lakini umesimama. Ukiuacha ukuta huohuo Ikuti, hapa kwetu Rungwe, mwaka wa kwanza unashika ukungu wa kijani. Wa pili majani yanaota juu ya lenta na maji yanaanza kuifuata nondo ndani ya zege. Wa tatu fundi akiitwa kuja kupaua, kwanza anagonga tofali za juu kwa nyundo, anatikisa kichwa, anasema kozi mbili tatu zishushwe ndipo mengine yazungumzwe. Kazi ya watu imerudi nyuma, na hakuna aliyeibomoa.

Nazungumzia maboma: madarasa, zahanati, nyumba za walimu na maabara zilizosimama kuta tupu, zikingoja mtu wa kuzimalizia. Msomaji wa Ikuti, wa Kyimo, wa Masoko au wa Kisondela anayo ya kufikiria bila mimi kumtajia. Tumeyazoea kiasi kwamba watoto wanacheza kombolela ndani yake, mbuzi wanafungwa humo wakati wa manyunyu, na kijiji kikielekeza mgeni njia kinasema, ukifika kwenye boma kata kushoto. Mimi naona jambo hili ni zito kuliko tunavyolichukulia. Boma lililoachwa ni jasho la watu lililochukuliwa na kutorudishwa, na wilaya yetu, kwa hali yake ya hewa, ndiyo ya mwisho nchini inayopaswa kuruhusu hali hiyo iendelee.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo tunapojidanganya zaidi. Mtu akipita barabarani na kuona kuta nne zimefika lenta, moyo wake humwambia kuwa jengo limekaribia kwisha; limebaki paa na mambo madogo madogo. Sasa chukua viwango ambavyo serikali yenyewe ilivitumia mwaka 2021. Darasa moja jipya, kuanzia msingi hadi kukabidhiwa, lilipangiwa shilingi milioni 20 katika ule mpango wa fedha za UVIKO-19 uliozinduliwa Dodoma Oktoba mwaka huo na kujenga madarasa 15,000 nchi nzima. Miezi michache kabla, fedha za tozo za miamala ya simu zilipopelekwa kumalizia maboma ya madarasa, kila boma lilipewa shilingi milioni 12.5. Viwango hivi havikupangwa ili vilinganishwe, lakini ukiviweka pamoja vinasema jambo moja waziwazi: kazi iliyobaki baada ya kuta ni kubwa kuliko kazi iliyokwisha kufanyika. Ukiliona boma, umeona chini ya nusu ya darasa.

Na wala mpaka huo kati ya kuta na paa haukujichora wenyewe. Angalia kijiji kina nini. Kina udongo wa kufinyanga tofali, kina kuni za kuchomea tanuri, kina maji ya mto, kina mchanga na mawe, na kina mikono. Vyote hivyo vinaweza kukusanywa kwa siku za msaragambo bila mtu kutoa noti mfukoni. Ukifika juu ya lenta, mambo yanageuka. Mbao za kenchi zinanunuliwa. Bati zinanunuliwa, na misumari yake. Saruji ya sakafu na lipu, vioo, vitasa, nyaya za umeme, rangi, hayo yote yanaletwa na lori kutoka Tukuyu au Mbeya na yanataka fedha taslimu. Kwa hiyo boma linasimama pale hasa nguvu za wananchi zinapoishia na fedha zinapotakiwa kuanza. Sera yetu imekuwa hiyo kwa miaka mingi: wananchi waanze, serikali imalizie. Ni sera nzuri ikiwa anayemalizia anafika. Asipofika, aliyeanza ndiye aliyepoteza, kwa sababu yeye alitoa kwanza.

Historia hii ni ndefu na ina mambo ya kujivunia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania aingie shule ya msingi ifikapo 1977, na vijiji ndivyo vilivyobeba mzigo wa kujenga madarasa. Wazee waliofyatua tofali wakati ule bado wako Rungwe, na wengi wao wanazungumzia kazi ile kwa fahari. Shule za kata za miaka ya 2000 zilijengwa kwa moyo uleule, na bila hizo maelfu ya watoto wa vijijini, wasichana hasa, wasingeiona sekondari. Sitaki mtu anielewe kwamba nadharau nguvu za wananchi. Ninaziheshimu, ndiyo maana sipendi kuona zinaachwa kwenye mvua.

Pamoja na fahari hiyo kuna kisa cha maabara. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Tarehe ya mwisho ikawa Novemba 2014, kisha ikasogezwa hadi Juni 2015. Nia ilikuwa njema. Mtoto anayesoma kemia bila kuona hata mrija wa majaribio hasomi kemia. Lakini agizo lilitaka vyumba vitatu kwa wakati mmoja katika kila shule, na michango ikapitishwa nyumba kwa nyumba, watu wakauza mikungu ya ndizi na viazi kulipa. Tarehe ilipopita, shule nyingi nchini zilibaki na maboma matatu badala ya maabara moja. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, bajeti za halmashauri ziliendelea kuwa na kifungu cha kukamilisha maabara. Wanafunzi waliokuwa kidato cha kwanza wakati tofali zinabebwa walimaliza kidato cha nne na kuondoka.

Kosa la pale halikuwa uvivu wa mtu wala wizi tu, ingawa wizi nao haukosekani katika saruji. Lilikuwa katika mpango wenyewe. Ukiwa na fedha na nguvu za kutosha chumba kimoja, ukaagizwa vitatu, utapata sifuri. Naona watu wengi wanalipita jambo hili haraka mno. Tunadhani vyumba vitatu vilivyofika theluthi ni sawa na chumba kimoja kilichokamilika. Havilingani hata kidogo. Chumba kimoja kinafundisha; vitatu vya theluthi vinanyeshewa.

Lugha ya taarifa zetu inasaidia kuuficha ukweli huo. Kaa katika kikao chochote cha baraza la madiwani usikilize: mradi umefikia asilimia 65, mradi umefikia asilimia 80, mradi umefikia asilimia 95. Asilimia hizo zinapima nini? Mara nyingi zinapima kiasi cha kazi au fedha iliyokwisha tumika. Hazipimi kiasi cha huduma iliyokwisha patikana, kwa sababu huduma haina asilimia 80. Darasa lenye asilimia 80 halikalishi wanafunzi thelathini na sita kati ya arobaini na tano. Halikalishi hata mmoja. Zahanati ya asilimia 95 isiyo na maji ya bomba wala choo haimzalishi mama kwa asilimia 95. Mama anapandishwa bodaboda usiku, kwenye tope la masika, kuelekea kituo kingine, akipita mbele ya jengo ambalo mama yake mzazi alibeba mchanga wa msingi wake kichwani.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikiyataja makundi haya mawili mwaka hadi mwaka: miradi iliyotelekezwa kabla ya kukamilika, na miradi iliyokamilika lakini haitumiki. Kundi la pili linaniumiza zaidi. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, tuliouzoea kwa jina la MMAM, ulianza mwaka 2007 ukiahidi zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Majengo yalijengwa. Lakini zahanati ni mganga na muuguzi, ni nyumba ya kuwalaza, ni dawa, ni kitanda cha kujifungulia. Pasipo hao na hivyo, rangi nyeupe na ubao wa jina haviponyi mtu. Utepe ukikatwa kabla mganga hajaripoti, jengo linahesabiwa mara mbili, kwanza katika hotuba ya uzinduzi, na tena miaka mitatu baadaye katika ripoti ya mkaguzi.

Kwenye maji tumepata somo la wazi kuliko yote. Mwaka 2009 WaterAid Tanzania ilichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa karibu nusu ya vituo vya maji vijijini havikuwa vikitoa maji, na kwamba robo ya mifumo ilikuwa imekufa miaka miwili tu tangu ijengwe. Miradi hiyo yote ilikuwa imekamilika kwenye makaratasi. Ilikabidhiwa, ilipigwa picha, mkandarasi alilipwa. Waziri wa Maji Jumaa Aweso baadaye alizoea kuiita miradi ya namna hiyo chefuchefu, na wananchi wakalipokea jina hilo mara moja kwa sababu waliijua ladha yake. RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilipoanzishwa mwaka 2019, moja ya mabadiliko makubwa lilikuwa kuvipa vyombo vya watumia maji wajibu na uwezo wa kuhudumia mradi baada ya mkandarasi kuondoka. Hapo sekta ya maji ilikubali jambo ambalo sekta za elimu na afya bado zinalikubali nusu nusu: bomba limekamilika pale maji yanapotoka kiangazi kinachofuata, na kile kinachokuja baada yake.

Rungwe hatuna kisingizio cha kukosa maji. Chemchemi ziko kila bonde, na maji ya mserereko hayahitaji pampu wala dizeli. Tukishindwa kuyafikisha kwenye zahanati iliyo mita mia chache kutoka mtoni, tatizo liko kwetu.

Nimekuwa nikifikiria jinsi wazee wa Unyakyusa walivyojenga. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi huku miaka ya 1930, na kitabu cha Monica Wilson kilichotoka mwaka 1951 kinaeleza mila ambayo wazee wetu waliijua bila kitabu. Wavulana wa rika moja, wakifika umri wa miaka kumi hivi, walitoka kwenye nyumba za baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni ya kijiji. Waliendelea kula kwa mama zao, lakini walilala kwao. Vibanda vile vilikuwa vidogo, vya mianzi na nyasi. Walipokua na kuoa, nyumba nazo zikakua, hadi siku rika lao lilipokabidhiwa nchi na baba zao.

Angalia utaratibu uliomo humo. Hakuna mvulana aliyeanza na msingi wa nyumba atakayoihitaji akiwa na umri wa miaka thelathini, akangoja kuezeka. Alianza na kibanda kinachomfaa usiku uleule, chenye paa, kisha akaongeza. Katika nchi ya mvua huwezi kujenga kwa namna nyingine. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita huku mwaka 1879, alivutiwa na unadhifu wa nyumba na mashamba ya watu wa hapa hata akaandika sifa zisizo za kawaida kwa wasafiri wa wakati wake. Watu hao ni babu zetu. Walikuwa maskini wa bati na saruji, lakini hawakulala kwenye kuta tupu.

Leo tunafanya kinyume, hata majumbani mwetu. Kijana akipata fedha ya parachichi ya misimu miwili anachimba msingi wa nyumba ya vyumba vitano na sebule. Kuta zinapanda, fedha inakwisha, bei ya parachichi inashuka, na yeye anaendelea kupanga chumba mjini Tukuyu huku nyumba yake inaota magugu. Hatua ile ya mwisho ambayo mafundi huiita finishi inakuja kumeza fedha kuliko zote zilizotangulia, na hakuna aliyemwambia mapema. Simlaumu. Nyumba kubwa ina heshima yake, na msingi mpana huwaonyesha majirani kuwa mtu ana mpango. Lakini ya mtu binafsi ni ya kwake. Darasa ni la watoto wa watu, na tofali zake zilichomwa na watu.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu, na ni hoja nzito. Nimeisikia kwa wenyeviti wa vijiji ninaowaheshimu. Wanasema: ndugu mwandishi, kijiji kisicho na boma hakisikilizwi. Tukikaa kungoja mpaka fedha yote ipatikane, tutangoja milele. Boma ndilo linalomfanya mkurugenzi atukumbuke, mbunge atoe bati za Mfuko wa Jimbo, na mgeni rasmi aone aibu. Tunaanza ili tusaidiwe.

Ni kweli, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Tumewafundisha wananchi kwamba njia ya kuipata serikali ni kujiingiza hasara kwanza. Kijiji kinachofyatua tofali elfu ishirini kinakuwa kama mkulima anayepanda mbegu yote ya ghalani ili mvua imwonee huruma. Vingine vinasikilizwa, vingine vinasahaulika, na kinachosahaulika mara nyingi ni kile cha mbali na barabara kuu, kisicho na mtu wake Dodoma. Wenzetu wa Kenya wameyaona haya pia: masoko mengi yaliyoanzishwa chini ya mpango wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009 yalikaa miaka mingi bila kukamilika, na wabunge wapya huko wana tabia ya kuanza miradi yao badala ya kumalizia ya waliowatangulia. Anayeanza huandikwa jina kwenye jiwe la msingi, na anayemalizia huandikwa kwenye risiti ya misumari.

Kwa hiyo sheria ibadilike upande wa anayemalizia. Kabla kijiji hakijachimba msingi, halmashauri itoe barua yenye saini ya mkurugenzi inayotaja mwaka wa fedha ambao bati na mbao zitanunuliwa. Barua hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na ibandikwe ofisi ya mtendaji. Kama hakuna barua, hakuna michango wala msaragambo wa jengo jipya. Nguvu hizo zielekezwe kwenye boma lililopo. Kijiji kikiwa na uwezo wa chumba kimoja, kijenge kimoja hadi kitasa cha mlango, watoto waingie, ndipo kianze cha pili. Utaratibu wa sasa wa halmashauri kutumia mafundi wa hapohapo chini ya kamati za wananchi, ile fosi akaunti, unaruhusu kabisa kujenga kwa namna hiyo. Kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi tayari zipo shuleni. Zinachokosa ni ruhusa ya kusema: hatuanzi kipya.

Taarifa za miradi nazo ziache asilimia kwa majengo ya huduma. Ziwe na safu mbili tu, linatumika au halitumiki, na lisilotumika liandikwe mwaka lilipoanza na kitu kinachokosekana, kwa jina na kwa bei. Wakimbiza Mwenge wa Uhuru, ambao mara kadhaa wamekataa kuzindua miradi yenye kasoro na wananchi wakawapigia makofi, wapewe mwongozo huo: jengo la afya lisizinduliwe mpaka mgonjwa wa kwanza awe ameshatibiwa humo, na darasa mpaka kipindi cha kwanza kiwe kimefundishwa. Mradi wa maji usubiri kiangazi kimoja.

Lipo na jambo la ratiba, ambalo kwetu Rungwe lingeweza kuokoa kuta nyingi bila kuongeza hata shilingi moja. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi. Mvua zetu nzito hupungua kuanzia Juni na kurudi kwa nguvu kuelekea Novemba. Baina ya hapo kuna baridi na manyunyu, lakini fundi anaweza kupanda juu ya kenchi na lori linaweza kufika Ikuti bila kusukumwa. Yaani robo ya kwanza ya mwaka wa fedha ndiyo majira yetu ya kuezeka. Fedha ya kumalizia maboma ikishuka Agosti, jengo linapata paa kabla ya mvua. Ikishuka Januari, bati zinakaa stoo hadi Juni, saruji inaganda ndani ya mifuko, na kuta zinanyeshewa msimu mmoja zaidi.

Wizara ya Fedha inapogawa fedha kwa robo mwaka haiangalii ramani ya mvua. Inaweza kuiangalia, Mamlaka ya Hali ya Hewa inayo. Madiwani wa halmashauri za Rungwe na Busokelo, pamoja na majirani zao wa Kyela wanaonyeshewa kama sisi, wana hoja moja ya kuipeleka TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, kwa pamoja kabla vikao vya bajeti havijaanza: kwa wilaya za mvua nyingi, kifungu cha ukamilishaji wa maboma kitolewe chote katika robo ya kwanza, na orodha ya maboma hayo, kijiji kwa kijiji, iambatishwe kwenye barua.